Mshale Uliotembea Wenyewe

Mshale ulitembea wenyewe kwenye kioo cha kompyuta.

Tumwagile akakitazama kipanya mezani. Hakuna aliyekigusa.

"Huingia hivi kila siku saa nne asubuhi, mama," Cornel, karani wa ofisi ya doria Mikumi, alinong'ona. "Ni Bwana Renner. Ndiye aliyetutengenezea programu ya ratiba. Ikiharibika huirekebisha kupitia waya wa simu, akiwa hukohuko Dar. Sura yake hatujawahi kuiona."

"Na leo imeharibika?"

Cornel alitikisa kichwa.

Haikuharibika. Mshale ulifungua ratiba ya askari wa wanyamapori, ukapita jina kwa jina, njia kwa njia.

Mwezi Mei mwaka huo wa 1998, askari Casmir aliuawa kwa risasi na majangili kwenye njia iliyojulikana na wenzake watano tu. Tumwagile, ofisa usalama aliyekuwa kazini miaka ishirini na miwili, mwenye goti bovu na usingizi wa mang'amung'amu, aliwahoji wote watano mpaka wakamchukia. Kumbe alikuwapo wa sita.

Akachukua redio ya mawasiliano, Codan.

"Jovin. Simu iliyoingia Mikumi sasa hivi inatoka wapi?"

"Shikamoo, mama. Ngoja nitazame." Jovin, kijana wake aliyemweka kwenye kituo cha simu cha Kilosa, hakukawia. "Siyo Dar. Ni hapahapa Kilosa. Nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge."

"Nichomoe waya wa simu?" Cornel aliuliza.

"Usiuguse. Akishatoka, andika ratiba ya uongo ya kesho. Askari wote barabara kuu, upande wa Doma. Barabara ya Kilosa, weka sifuri."

Kesho yake, saa nne kasorobo, Land Rover yake ilikuwa imejificha nyuma ya ua wa minyaa wa nyumba ile. Jua lilikuwa kali. Goti lilikuwa linawaka moto.

"Mama, mshale unatembea," Cornel alisema redioni.

Kupitia dirisha lililo wazi, Tumwagile alikuwa tayari amesikia modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ikilia. Kisha sauti ya mwanamume, Kiswahili safi, kwenye simu ya setilaiti: "Barabara ya Kilosa iko wazi. Piteni."

Alingoja. Nusu saa. Saa nzima. Hakuwaza kitu.

"Ditram hapa, kijijini Ulaya." Sauti ya kiongozi wa doria, aliyevizia barabara ya Kilosa, ilikuwa inahema. "Lori tumelikamata. Juu mkaa, chini pembe za ndovu. Hakuna aliyeumia."

Tumwagile akausukuma mlango kwa bega, bastola ya Browning mkononi.

Renner alikuwa mzee mwembamba, miwani puani, kikombe cha kahawa pembeni. Mkono wake ukaielekea droo.

"Iache."

Akaiacha.

"Sijawahi kukanyaga ofisi yenu," alisema kwa utulivu. "Hata siku moja."

"Umeingia kila siku. Simama."

Alimfunga pingu, akamkabidhi kwa polisi wa Kilosa waliofika na Jovin. Kisha akaegemea boneti. Redio ikakwaruza.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Cornel. "Waya ule wa simu niliuchomeka mimi. Alinielekeza kwa simu, nikauchomeka. Casmir alikuwa rafiki yangu."

Maneno ya kufariji Tumwagile alikuwa nayo mengi. Alikwishayatumia kwa watu wengi mno.

"Ulidanganywa, Cornel. Nitaandika hivyohivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Nenda nyumbani ukalale."

"Na mke wa Casmir? Nani atamwambia?"

"Mimi."

Jovin alimsogelea. "Mama, makao makuu wanakutafuta. Wanasema kuna kazi nyingine, ya haraka."

"Waambie hujaniona."

Akamrushia ufunguo wa Land Rover, akairudisha bastola mkobani. Hildegarda, mjane wa Casmir, alikuwa amerudi kwao Mamboya. Basi la Dumila, la kuelekea huko, lilikuwa linapakia abiria. Tumwagile alishika njia ya stendi kwa miguu, akichechemea, bila haraka, bila kugeuka nyuma.