Uwanjani Hatusemi "Nzuri"

"Mwalimu gani huyo anayewafundisha watoto kusengenya?" Mzee Hironimus aliuliza kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu.

"Hawafundishi kusengenya, Mzee. Anawafundisha kukimbia," Mama Recho alijibu kutoka upande wa pili wa ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko.

"Nimewaona kwa macho yangu! Wamepita mbele ya meza yangu ya mitumba, wanakimbia huku wanacheka. Yule Noela anamsimulia mwanao habari za harusi ya watu. Harusi! Enzi zetu kambini, jeshini, tulikimbia mpaka tukatapika. Ndiyo maana nilishinda mbio nikazawadiwa beberu."

"Huyo beberu tunamsikia tangu tuhamie hapa. Nyama yake haijaisha tu?"

Majirani waliokuwa wakisikiliza, na mtaa wa Mfaranyaki nani hasikilizi, wakaangua kicheko. Mzee Hironimus mwenyewe alitabasamu kidogo, lakini hakukubali kushindwa. "Chekeni. Siku ya mashindano tutaona."

Nyuma ya nyumba, Recho alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Alisikia kila neno, na maneno ya mwisho yalimwingia moyoni.

Recho alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na hakuna msichana shuleni aliyemshinda mbio ndefu isipokuwa rafiki yake Noela, siku mojamoja. Baada ya wiki sita kungekuwa na mashindano katika uwanja wa Majimaji. Wasichana wawili wa kwanza wa mita elfu moja na mia tano wangeingia timu ya mkoa na kusafiri kwenda Morogoro. Recho hakuwa amewahi kusafiri mbali kuliko Peramiho. Usiku alikuwa akiota basi, yeye amekaa dirishani.

Aliyewafundisha mbio alikuwa Mwalimu Natalia, aliyehamia Songea mwaka ule kutoka Mbulu. Alikuwa mwembamba, mpole, na mambo yake yalikuwa mageni. Jumatatu na Alhamisi aliwakimbiza polepole. "Mkishindwa kupiga soga, mnakimbia kasi mno. Punguzeni," alikuwa akisema. Siku za kukimbia kwa kasi zilikuwa mbili tu, Jumanne na Ijumaa. Jumatano, Jumamosi na Jumapili aliwakataza kabisa kukimbia. Mtaani watu walimcheka. Walisema amezoea baridi ya kwao ndiyo maana anapenda kulala.

Kila siku kabla ya mazoezi alifungua daftari lenye jalada la bluu na kumwuliza kila mtoto maswali matatu: umelalaje, umekula nini, unaumwa wapi?

Siku ya kwanza wote walijibu, "Nzuri, mwalimu."

Mwalimu Natalia alicheka. "Hata msibani mtu huulizwa habari akajibu nzuri. Ni adabu yetu na naipenda. Lakini salamu tumeshamaliza. Sasa naiulizia miguu yenu. Hapa uwanjani hatusemi 'nzuri'. Semeni kweli, niandike kweli."

Jioni ile ya ugomvi, Mzee Hironimus alimwita Recho uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaitaka Morogoro au huitaki?"

"Naitaka, babu."

"Basi hizo siku za kulala, njoo alfajiri. Tutapanda njia ya kwenda milima ya Matogoro, mimi na baiskeli, wewe na miguu. Mwalimu wako tusimwambie. Ashangae tu siku ya mashindano." Akampa raba za mitumba, nyeupe, bado nzima. "Nilikuwekea hizi. Nimekataa wateja watatu."

Recho alizikumbatia zile raba. Mzee Hironimus hakuwa na mtoto nyumbani. Mwanawe Leo alikuwa amekwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, na tangu hapo mzee alikuwa amewageuza watoto wote wa jirani kuwa wajukuu. Recho angewezaje kukataa?

Basi Jumatano na Jumamosi, jogoo wa kwanza akiwika, Recho alikuwa njiani. Mama yake alidhani ni mazoezi ya shule. Mzee alikanyaga baiskeli nyuma yake, akihema kuliko mkimbiaji. "Usilegee! Maumivu ni rafiki!"

Wiki ya kwanza Recho alijiona ana nguvu za ajabu. Wiki ya pili, muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu wa kulia, ulianza kumchoma, kama kijiti kimewekwa ndani ya ngozi. Wiki ya tatu ulimuuma hata akitembea kwenda dukani.

"Recho, unaumwa wapi?" Mwalimu aliuliza kila siku.

"Siumwi, mwalimu. Nzuri tu."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akaandika alichoambiwa.

Jumatatu moja walikuwa wakikimbia polepole kuzunguka kiwanja. Noela alikuwa na habari motomoto: jirani yao Erasmus alikuwa ameuza mahindi na kununua redio kubwa kuliko mlango wake, na ilibidi wabomoe fremu ili iingie.

"Halafu mkewe akasema... Wewe Recho, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona hucheki? Na mbona unachechemea?"

"Sichechemei! Kimbia na mambo yako!"

Noela alinyamaza. Kwa Noela, hilo lilikuwa jambo zito.

Kesho yake mwalimu aliwapima kwa saa. Zamani Recho alimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde themanini. Siku hiyo alitumia themanini na nane. Baada ya mazoezi alirudi darasani kuchukua sweta yake, na alipopita dirisha la ofisi alisikia sauti ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu Natalia, mtaani wanasema unawalegeza watoto. Nilikuwa nakutetea. Lakini sasa hata Recho anarudi nyuma."

"Mimi mwenyewe sielewi," Mwalimu Natalia alijibu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimepitia daftari lote. Analala, anakula, anapumzika, haumwi popote. Kama yote hayo ni kweli, basi kosa ni langu. Kuanzia Ijumaa nitapunguza mazoezi ya watoto wote."

"Na ikishindikana?"

"Ukiona vyema, timu mpe mwalimu mwingine."

Recho alibaki pale na sweta mkononi. Alikuwa ameona kama uongo wake unakaa ndani ya mguu wake tu, haumdhuru mtu. Kumbe ulikuwa umeandikwa katika daftari, mwalimu anausoma na kuuamini.

Nje ya lango alimkuta Noela akimsubiri.

"Anataka kupunguza mazoezi ya wote," Recho alisema.

"Ya wote? Mimi ndiyo kwanza nimeanza kupata kasi!" Noela alimshika mkono. "Recho, mguu unakuuma. Mimi si kipofu."

"Nikisema, ataniondoa. Utaenda Morogoro wewe."

"Nikienda bila wewe, njia nzima nitamsimulia nani?"

Recho alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Aligeuka akarudi ofisini.

"Mwalimu, si wewe," alisema kabla hata ya kubisha hodi. "Daftari ni la uongo. Mimi ndiye nimelidanganya."

Alieleza yote: Matogoro, alfajiri, baiskeli, kijiti ndani ya mguu. Mwalimu mkuu alitaka kusema jambo, lakini Mwalimu Natalia aliinua mkono taratibu. Alipiga goti, akaubonyeza ule muundi kwa kidole gumba. Recho aliruka.

"Ahsante kwa kuniambia," mwalimu alisema. "Sasa naweza kukusaidia."

Kwenye zahanati waliambiwa kwamba mfupa haujavunjika, ila umechoshwa. Siku kumi bila kukimbia. Wiki tatu zilikuwa zimebaki. Recho alizihesabu siku hizo kumi kama mfungwa.

Jioni ileile Mwalimu Natalia alikwenda kwa Mzee Hironimus. Majirani walitega masikio, wakitarajia ugomvi wa kusimulia wiki nzima. Hawakuupata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu." Mzee alikuwa ameshapata habari. Alikaa juu ya mfuko wa mitumba, ameinamisha kichwa. "Nilitaka kumsaidia. Sikutaka kumuumiza."

"Najua, mzee wangu. Lakini tulikuwa kama waganga wawili wanaompa mgonjwa mmoja dawa, na hawajuani. Dawa yako haikuwa sumu. Ilizidi kipimo." Akachutama karibu naye. "Enzi zenu kambini, waliokimbia mpaka kutapika walikuwa wangapi?"

"Arobaini hivi."

"Na waliomaliza mwaka bila kuumia?"

Mzee alifikiri. Alihesabu kwa vidole. "Sita," alisema. "Mimi nikiwa mmoja wao. Wengine... sikuwahi kuwaza habari zao."

"Nina shida ya mtu wa kunishikia saa siku za kasi. Saa yako hiyo ya mkononi naiona ni nzuri kuliko yangu. Utakuja?"

Kuanzia Ijumaa ile, Mzee Hironimus alisimama kando ya kiwanja na saa yake, amenyooka kama askari wa gwaride. Siku za polepole alifika vilevile, ingawa hakuna aliyemwita. Alisema amekuja kuhakikisha watoto wanapiga soga ipasavyo.

Siku kumi zikapita. Recho alianza kwa kutembea, kisha kukimbia kidogo, kisha zaidi kidogo. Kila siku aliulizwa, na kila siku alisema kweli. "Leo unauma kidogo asubuhi, mchana umeacha." Mwalimu aliandika. Siku nyingine alimruhusu, siku nyingine alimwambia, "Leo kaa, utunze maji ya wenzako." Recho alikaa. Ilimuuma kuliko mguu, lakini alikaa.

Siku ya mashindano uwanja wa Majimaji ulijaa. Bunduki ya kuanzishia ilipolia, wasichana kumi na wawili waliondoka kama kuku waliotupiwa jiwe. Recho na Noela walibaki nyuma.

"Mbio! Mbio!" watu walipiga kelele.

"Yule wa mbele," Noela alisema bila kuhema, "kavaa kaptura ya kaka yake."

"Ataivuta mpaka mwisho," Recho alijibu. Wote wawili wakajua kwamba pumzi bado zipo.

Mzunguko wa pili walipita wanne. Wa tatu walipita wanne wengine. Kisha soga zikaisha. Zilipobaki mita mia tatu, Recho aliiuliza miguu yake kimyakimya, na miguu ikajibu. Alimpita msichana wa kaptura. Mbele alibaki msichana mrefu wa Peramiho, na Noela anamnyemelea. Noela alimpita kwenye kona. Recho alimfikia yule mrefu zikiwa zimebaki hatua ishirini, wakaenda bega kwa bega, na akaivuka kamba mbele yake kwa upana wa kifua.

Noela wa kwanza, Recho wa pili. Mzee Hironimus alikuwa amesahau kubonyeza saa.

Jioni nyumba ya Mama Recho ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Kulikuwa na ugali na samaki mbasa kutoka Ziwa Nyasa, na kila aliyeingia alizisimulia upya mbio zilezile. Mwalimu Natalia aliombwa aseme neno.

"Watu wananipongeza kwamba nimewafundisha vizuri," alisema. "Kocha haoni ndani ya mguu wa mtu. Anajua kile tu anachoambiwa. Recho alipotudanganya, mimi na daftari langu tulipotea. Aliposema kweli, aliogopa kwamba ataikosa Morogoro, lakini alisema. Bidii ni nzuri, wanangu. Lakini bidii inayofichwa ndani ya uongo humvunja mwenyewe, na huwapoteza wanaotaka kumsaidia. Mkiumwa, semeni. Mkichoka, semeni."

Watu walipiga makofi. Recho alitazama huku na huku, akamkosa mtu mmoja. Alitoka nje. Mzee Hironimus alikuwa amesimama upande wake wa ua, anajifanya kukunja mashati.

"Babu, karibu tule."

"Ahsante, mjukuu wangu. Nimeshiba."

Mama Recho akatokeza mlangoni na mwiko wake. "Mzee, jiko lako halijatoa moshi tangu jana. Nimelitazama."

"Nimesema nimeshiba, mama. Hali ni nzuri tu."

Recho alifungua daftari la hewani, akashika kalamu ya hewani kama mwalimu wake. "Babu Hironimus. Umelalaje, umekula nini, unaumwa wapi?"

Mzee alimtazama. Akaliweka shati chini.

"Sijalala kwa ajili ya mbio zenu," alisema. "Sijala tangu jana. Na tumbo linaniuma kwa njaa."

"Nimeandika," Recho alisema, akamshika mkono. "Ingia, babu. Kichwa cha mbasa tumekuwekea wewe."