Hodi Kando ya Mizabibu

Rafiki yangu Ndolo, dereva wa Buruburu, Nairobi, mropokaji kama mimi, mwaka wa tisini na tano alipeleka kreti shamba la zabibu huko Naivasha. Pa kulala alipata gesti moja tu, kando ya mizabibu. Mwenye gesti, mama asiyecheka, alimtupia ufunguo.

"Ukisikia hodi humu, usiitikie."

"Mama, mimi nimelelewa vizuri."

"Shauri yako."

Saa moja jioni stima ikapotea. Gizani, matawi yakikwaruza dirisha, mtu akabisha polepole: "Hodi."

Kwa mazoea, neno likamponyoka Ndolo: "Karibu."

Mlango haukufunguka.

Kesho yake mchana alifika kwake, akapiga hodi. Mkewe, Mutheu, alikuwa ndani na mtoto, peke yao. Kabla hajajibu, sauti ya Ndolo mwenyewe ikaitikia kutoka ndani: "Karibu."