Mstari wa 412

Jumatatu, saa mbili na robo ya asubuhi, Mama Anastasie aligundua kwamba shamba lake limepata mwenyewe mwingine.

Alikuwa amefika kwenye biro, ofisi ya chama cha wakulima wa Kingi, kusaini karatasi ya shamba lake, parcelle 14, ile iliyo pale kijito kinapoingia bondeni, isiyokauka hata mwezi wa saba. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Lakini kwenye liste iliyobandikwa mlangoni, parcelle 14 ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la Fiston, aliyeandikishwa tarehe 3 Machi 2018. La kwake lilifuata, Juni 2019.

Sheria ya chama ilijulikana tangu watu warudi kutoka ukimbizini: wawili wakidai shamba moja, aliyeandikishwa kwanza ndiye atakayelima. Kitabu cha zamani kilioza kwa mvua njiani. Ushahidi uliobaki ulikuwa ndani ya base, yaani majina yote ya wanachama, yaliyohifadhiwa kwenye mashine huko Kinshasa.

Na mwenye kazi ya kuandika ndani ya base alikuwa mmoja tu: Nadine, mama wa Naomie wa miezi saba. Kwa hiyo macho yote yakamgeukia.

Papa Athanase, rais wa chama, alipiga simu Kinshasa kwa watunzaji wa mashine. Haikupokelewa. Akarudisha simu mfukoni, akasema kwabo ingali mapema, batu hawajafika ku kazi. Fiston akaitwa, akaja na matope miguuni. Alisema yeye aliona tu jina lake mlangoni, na ni nani anayekataa shamba akipewa? Mashine yenyewe hajawahi kuigusa.

Léonard, karani wa chama, alikuwa ameegemea dirisha. "Fiston iko shemeji yangu," alisema, "njo maana sitaki kuingiza mudomo. Lakini base haina mikono. Kuna mukono wa muntu."

"Saa nne wanachama wanasaini," Papa Athanase alimwambia Nadine kwa sauti ya taratibu. "Mama Naomie, kama uko na kitu cha kuonyesha, onyesha mbele ya ile saa. Kama sivyo, utaacha ufunguo wa biro."

Nadine aliketi, mtoto mgongoni. Alifungua ukurasa wa script, mistari ya maagizo kwa mashine, aliyojifunza kwenye masomo ya jioni kule Masisi-Centre. Programu waliyotumia kila siku ilionyesha majina na tarehe tu. Script ingeweza kuuliza yote. Mstari wa kwanza ulitaja mahali mashine ilipo, wa pili jina lake na neno la siri, wa tatu ulibisha hodi. Base ikafungua.

Akaomba kila kitu kuhusu parcelle 14. Mistari miwili ikatokea. Mama Anastasie alikuwa na namba 57. Fiston, wa 2018, alikuwa na namba 412.

Nadine akazisoma tena zile namba. Akabadili neno moja tu kwenye script: badala ya kupanga majibu kwa tarehe, yapangwe kwa namba. Majina yakashuka kama watu waliopanga foleni. Namba 411 ilikuwa ya mjane mmoja aliyemwandika Alhamisi iliyopita. Namba 413 ilikuwa ya Ijumaa. Katikati yao alisimama Fiston na tarehe yake ya zamani.

Aliwaita wote waone. "Ile tarehe, muntu anaiandika vile anataka," alieleza. "Lakini namba, base njo inaitoa yenyewe, kila jina vile linaingia. Ni kama ku maternité, kwenye bamama banazalia. Hata umuvalishe mutoto wa leo nguo za kaka yake, hawezi kuwa mukubwa wake."

Léonard alisogea, akainamia kioo, akasoma kwa kidole safu ya mwisho ya mstari wa 412, ile ya saa ya kuandikwa: Alhamisi, 11:20, kwa jina la kuingilia la nadine. Kisha akachukua kitabu cha mahudhurio na kukisoma kwa sauti. Alhamisi, Nadine, saa mbili mpaka saa sita, peke yake. Léonard, saa sita mpaka saa nane.

"Saa tano na dakika makumi mbili," alisema. "Asante kwa kututafutia mwizi, dada. Umejipata."

Fiston alitazama chini. Naomie alianza kulia, na Nadine akamvuta mbele, akamnyonyesha. Mkono wake wa kulia ulirudi kwenye vitufe. Mara hii alipanga mistari kwa saa ya kuandikwa, wiki nzima iliyopita. Jumatatu, mstari wake wa kwanza ulikuwa 07:06. Jumanne, 07:11. Jumatano, 07:04.

Akagusa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Saa moja? Saa moja yeye huwa bado anapuliza moto wa uji. Hajawahi kufungua mlango ule kabla ya saa mbili.

Akatabasamu.

Saa nne wanachama walijaa mpaka uani. Nadine alisimama.

"Papa Léonard, Alhamisi uliingia saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Ulikuwa unatoka na mutoto, ulisema unaenda ku pese, kumupima kilo."

"Na kuna muntu mwingine aliingia nyuma yako?"

"Hata mumoja. Nilifunga mulango nikafanya kazi yangu mpaka saa nane."

"Asante. Papa Athanase, simu yako inasema saa ngapi?"

"Saa nne na dakika mbili."

Nadine aliiuliza base swali moja dogo: sasa ni saa ngapi? Akageuza kioo kuelekea watu. Base ilijibu 09:02.

"Saa tatu na dakika mbili," Papa Athanase alisoma, akarudia polepole.

"Mashine iko Kinshasa, inasoma saa ya Kinshasa," Nadine alisema. "Kule banatufuata nyuma saa moja. Njo maana hawakupokea simu yako asubuhi, Papa. Njo maana base inasema minafika hapa saa moja, na nyote munanijua. Kwa hiyo 11:20 ya base, hapa Kingi ilikuwa saa sita na dakika makumi mbili." Akatoa kadi ya Naomie. Muuguzi alikuwa ameandika siku, kilo na saa: Alhamisi, kilo saba na nusu, 12:15. "Mimi nilikuwa nashika mutoto ku mizani. Nani alikuwa hapa na mulango umefungwa?"

Papa Athanase alivuta droo ya meza. Ndani yake, kwenye ubao, kilikuwa bado kikaratasi cha neno la siri alichokibandika Nadine mwenyewe, siku za kwanza, asije akalisahau. Nadine aliona haya, akakibandua mbele ya wote.

Léonard alikaa kwenye ukingo wa dirisha. Alisema kwamba kwa miaka tisa ameandika mashamba ya wengine, na yeye na dada yake, mke wa Fiston, hawakupata hata lile la mawe. Fiston angelima, wangegawana mavuno. Alidhani tarehe ya zamani ingetosha.

"Ungeomba," Mama Anastasie alimwambia. "Pembeni ya kijito kuna nafasi. Ungeniomba tu."

Kabla ya saa tano Léonard alikuwa ameweka muhuri wa chama mezani, na wanachama wakainua mikono kumtoa kwenye ukarani. Fiston alivua kofia, akamwomba Mama Anastasie msamaha. Nadine akafuta mstari wa uongo. Base haikujaza pengo lile: mpaka leo, baada ya 411 inakuja 413.

Mama Anastasie alisaini parcelle 14, uani wanawake wakipiga vigelegele. Kisha akampokea Naomie, akamrusha juu kidogo, akamgeukia mama yake.

"Ile masomo ya mangaribi," alisema, "banapokea na bamama ya umri wangu?"

"Tunaanza saa kumi na moja," Nadine alijibu. "Ya hapa."