Ndege Iliyopita Juu ya Barafu

Kila asubuhi Joyceline alifagia ua, akabeba kidumu chake cha maji na kuelekea shuleni, kijijini Kanazi, karibu na mpaka wa Burundi. Mwaka huo wa 1994 barabara zilijaa watu waliokimbia vita, na ndege za misaada ziliunguruma angani kutwa. Basi watoto wa darasa la tano walikuwa hawana mazungumzo mengine ila ndege.

Joyceline alikuwa bingwa wa jiografia, naye alijijua kuwa ni bingwa. Taabu ilianzia hapo.

Siku moja wakati wa mapumziko, Keza, mkimbizi kutoka Burundi aliyeishi na shangazi yake Marsiana, alisema, "Baba aliwahi kupanda ndege kutoka Ubelgiji hadi magharibi ya Marekani. Walipita kaskazini kabisa, juu ya barafu tupu."

Joyceline akaweka rula kwenye ramani ya ukutani. "Njia fupi ni hii hapa, iliyonyooka. Rubani gani atazunguka huko juu amalize mafuta bure?"

"Baba aliiona hiyo barafu," Keza akajibu taratibu.

Ungedhani Joyceline angeishia hapo. Wapi! Mchana wa siku hiyo, alipoona wenzake bado wanasitasita, akaongeza, "Nilimuuliza Mwalimu Desderius. Amesema baba yako ni mwongo."

Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Darasa likaangua kicheko. Keza akakusanya madaftari yake, akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Siku ya tatu Joyceline alimkuta Marsiana kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mwalimu wenu kuwa Keza hataki tena shule. Tangu tuvuke mpaka hatujui baba yake yuko wapi, wala kama yu hai. Mtoto amebaki na maneno ya baba yake tu. Sasa mwalimu mzima anamwita mwongo!"

Joyceline alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu hata kumtazama mama yule usoni. Aliacha ndoo palepale, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Desderius, akaeleza yote huku machozi yakimtoka.

Mwalimu hakumchapa. Alichukua mpira wa majani ya migomba, akatia alama mbili za mkaa, Ubelgiji na magharibi ya Marekani, akampa uzi. "Unganisha alama hizo. Vuta mpaka ukaze."

Joyceline akavuta. Uzi ukapanda wenyewe kuelekea juu ya mpira, upande wa kaskazini.

"Dunia ni mviringo, ila ramani imeitandaza," mwalimu akasema. "Njia inayoonekana ya kuzunguka kwenye karatasi ndiyo fupi angani. Mara nyingine marubani huzunguka kweli, wakikwepa dhoruba au nchi yenye vita. Lakini baba yake Keza alipita njia fupi."

Jioni walikwenda wote wawili kwa Marsiana. Joyceline alisimama mbele ya Keza. "Nilimsingizia mwalimu. Hakusema neno lolote juu ya baba yako. Nisamehe. Kesho nitasema hivyo hivyo mbele ya darasa zima."

Keza akamgeukia mwalimu. "Kwa hiyo Baba aliiona kweli?"

"Aliiona kweli, mwanangu."

Keza akajifunika uso kwa kanga ya shangazi yake, akalia. Joyceline naye akainamisha kichwa.

"Joyceline," mwalimu akasema kwa upole, "hukujua habari za ndege, na hilo si kosa, ndiyo maana tunasoma. Kosa lako ni kutunga uongo ili usionekane umeshindwa. Tazama umemuumiza nani."

Joyceline alitazama. Kisha Keza akafuta machozi, akamsogezea kigoda akae.