Bustani Iliyofagiwa Mno

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Fagio alishuka ngazi za ghorofa na ndoo yake, akaenda kumwagilia maboga. Jina hilo la Fagio alipewa na wenzake, na kusema kweli alilistahili. Mahali alipopita, hata vumbi lilitafuta pa kujificha.

Bustani ilikuwa nyuma ya maghorofa, pale palipokuwa pakitupwa matofali mabovu. Kila familia ilikuwa na tuta lake la mboga, ila maboga ya kando ya ukuta yalikuwa mali ya wote, na watoto ndio waliokabidhiwa kuyatunza. Msimu huu maua yalichanua mengi, makubwa kama bakuli. Chini ya baadhi ya maua kulikuwa na kiboga kidogo kama gololi. Fagio alikuwa hashikiki kwa furaha.

Baada ya siku chache, viboga vikageuka njano, vikalainika, vikadondoka.

Lawama zote zikamwangukia Redio, mvulana wa ghorofa ya chini ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzima.

"Ni huyu na mpira wake," alisema dereva wa teksi, mwenye tuta la kwanza. "Anayapiga maua."

"Mjomba, mpira wenyewe hauna upepo tangu mwezi uliopita," Redio alijitetea. "Ukiuvaa kichwani ni kofia kabisa."

Watu walicheka, lakini dereva hakucheka. "Yakiendelea kudondoka mpaka Jumamosi, bustani hii utaitazamia dirishani."

Redio akanyamaza. Hapo ndipo Fagio alipojua kwamba rafiki yake ameumia.

Kesho yake alfajiri wawili hao walijibanza nyuma ya tangi la maji, wamvizie mharibifu.

"Usiongee," alinong'ona.

"Siongei."

"Sasa hivi unafanya nini?"

"Nakujibu."

Jua likachomoza, maua yakafunguka. Hakuna aliyekuja. Kisha wakasikia viatu nyuma yao. Alikuwa nesi wa ghorofa ya pili, anarudi kutoka zamu ya usiku, mkoba begani.

"Mnamvizia nani, wanangu?"

"Mwizi wa maboga, mama," alisema Redio. "Lakini hajaja mtu. Hata mdudu hajaja."

Nesi akasimama. "Hata mdudu? Basi mmeshampata mwizi wenu." Akawaonyesha maua. Yale yenye kiboga chini ni majike, yale yenye kikonyo kitupu ni madume. Unga wa njano wa dume, yaani chavua, usipofika kwa jike, kiboga hudondoka. "Na anayeubeba ni nyuki. Wale waliokuwa wanakaa kwenye gogo pale ukutani wamehamia wapi?"

Fagio akaligeukia lile gogo. Mwezi uliopita alisafisha ukuta mzima. Aling'oa maua yote ya mwituni, akaziba matundu ya lile gogo kwa udongo, akalainisha mpaka likapendeza. Watu wazima walimsifu. Dereva alimpa pakiti nzima ya biskuti.

Angeweza kukaa kimya. Nani angejua? Akamtazama Redio.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni uchafu. Niliziba."

"Kwa hiyo natukanwa wiki nzima kwa ajili ya usafi wako?" Redio aliuliza.

"Nisamehe."

"Nitafutie pampu ya mpira kwanza."

Nesi alikwishaweka mkoba chini. "Mtapatana baadaye. Maua haya hufunga jua likipanda. Chumeni madume, menyeni petali, halafu muwapake majike chavua katikati, taratibu. Leo nyuki ni sisi."

Weee, ikawa mbio. Redio alitangulia akiita, "Jike hapa! Jike lingine huku!" Fagio akamfuata na dume mkononi, pua imejaa unga wa njano, anacheka peke yake.

Dereva akatokea na ndoo ya kuoshea gari. "Ndiyo mnayachuma kabisa, mchana kweupe?"

Fagio alimwendea, akamweleza yote mbele ya majirani waliokuwa wanachungulia. Hakuruka hata neno. Dereva akajikuna kisogo.

"Bwana mdogo, nimekuonea," alimwambia Redio.

"Haya, mjomba, shika hili dume. Jike lako lile pale."

Jioni walizibua matundu ya gogo kwa vijiti, wakapanda alizeti na mrihani kando ya ukuta, na magugu yenye maua wakayaacha yajiotee.

Ilipofika Jumamosi, viboga vilikuwa vimenenepa, vimeshikilia vikonyo imara. Redio alikuwa wa kwanza kumwona nyuki mweusi, mkubwa, akizunguka gogo kama mpangaji anayekagua chumba. Watoto walimwagika ngazi zote kuja kumtazama.

"Bustani siyo sebule," nesi aliwaambia. "Wadudu, ndege na magugu kidogo, wote wana kazi zao humu. Kabla hujafukuza kiumbe, uliza kwanza anafanya nini." Akamgeukia Fagio. "Lakini wewe, mwanangu, ungenyamaza siku ile, tungemfukuza Redio na maboga yangeendelea kudondoka. Kusema kweli kulikutia aibu asubuhi moja tu. Tazama kumetupa nini."

Fagio alitazama. Kiboga cha karibu kilikuwa kimeshafika ukubwa wa ngumi yake.