Mashini Ilipiga Hodi

Sogeeni munisikilize, na mulango muuache wazi.

Khadidja alikuwa anakunja vitenge mu duka ya marehemu baba yake, kule mutaa wa Asiatique, akasikia hodi nyuma yake: ti, ti, ti. Akasema "karibu" bila kugeuka, vile mutu aliyelelewa vizuri anasemaka. Akangoja. Akageuka, mulangoni hakuna mutu. Ti, ti, ti ikapiga tena. Ilikuwa inatoka mu ordinateri, ile kompyuta ya duka, juu ya meza, na kioo yake nyeusi kama kisima.

Jana yake mashini iliandika ati iko inafanya mise à jour, inajiweka mupya, isizimwe. Courant ikakatika katikati, umeme wote. Tangu pale ikakataa kuamka. Na ndani yake ndio mulikuwa sauti aliyojirekodi baba yake, mzee Uthmani, mbele ya kufa, akisema duka anamwachia nani. Moubarak, kaka yake wa mama mwingine, alikuwa anaambia watu ati iyo sauti hakuna, Khadidja anadanganya. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, familia yote itakaa kuisikia. Isiposikika, Moubarak anachukua duka.

Akaita fundi Bonfils wa mutaa wa Mutanga Sud. Bonfils akafungua mashini na tournevis, akarudisha kichwa nyuma.

"Dada, muliweka nini humu? Inanuka kama dawa."

Khadidja akainama, akanusa. "Kafuri," akasema polepole. "Ile tunawekeaka maiti."

"Basi nyinyi ndio munajua. Mi naona vumbi tu." Akachomoa kipande ya mémoire, ile mashini inakumbukiaka, akaanza kuisugua na gomme ya shule, ya kufutia kalamu, anacheka.

Kiti ya wateja ikalia kama mutu mzito amekaa, mto yake ikabonyea, ikabaki imebonyea, na vitenge Khadidja alivyokunja tangu asubui vikaanza kukunjuka kimoja kimoja, polepole, kama iko mutu anachagua na hana haraka, na kafuri ikajaa mu duka mpaka macho yakatoka machozi, na Bonfils akaacha kucheka, akaacha na kusugua.

"Dada," akanong'ona, "tuko wangapi hapa?"

Shangazi Saliha, dada ya mzee Uthmani, akaingia na thermos ya chai. Akanusa mara moja, akaiweka chini.

"Nani alisema karibu?"

"Mi, shangazi. Ilipiga hodi."

"We unaitikaka kila kitu. Ndio vile ulimupata na yule bwana wako wa kwanza."

"Shangazi, nifanye nini?"

"Usimufukuze, atakasirika. Musindikize kama mugeni yeyote. Na usimwambie karibu tena."

Khadidja akasimama mbele ya kiti. "Mugeni," akasema, "twende nikusindikize." Shangazi akawa anasoma dua kwa sauti ya chini. Mto ikainuka. Khadidja akatembea mpaka barabarani, bega la kushoto baridi kama limewekewa barafu, akapita pikipiki, akapita wauza ndizi, na pale kwenye kona ile baridi ikamutoka. Akarudi bila kuangalia nyuma. Duka ilikuwa inanuka vitenge tu.

Bonfils akarudisha mémoire, akabonyeza. Mashini ikaamka. Neno moja likatokea, jeupe, kubwa.

"Alhamdulillahi," akasema shangazi, ambaye shule hakuiona hata mulango. "Imeandika nini, fundi?"

"Bienvenue," Bonfils akasema. "Inasema karibu."

Kiti ikalia.

Kesho yake familia ikajaa mu duka. Moubarak alikaa mbele, mikono kifuani. Khadidja akafungua sauti, na mzee Uthmani akakohoa kikohozi chake kile kile, mpaka Moubarak akainamisha kichwa.

"Duka ni ya Khadidja," mzee akasema.

Pale ndio sauti ilikuwa inaishaka. Khadidja alishaisikia mara nyingi. Akanyoosha mukono aizime, lakini mzee akakohoa tena.

"Ya Khadidja na mugeni wake. Mutu asiwatoe mule."

Moubarak akainua kichwa. "Mugeni gani?"

Watu walikuwa wengi, wazee wengine wamesimama wameegemea ukuta, na ile kiti ya wateja hakuna mutu aliikalia.