Mstari Uliozima Rangi

Walikutana katika duka la vifaa vya kompyuta, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamejaa hadi mlangoni. Mikono yao ilifika pamoja kwenye kibodi ya mwisho.

"Dada, nimeishika mimi."

"Wewe umeshika boksi. Mimi nimeshika risiti."

Kweli alikuwa ameshalipa. Mwanamume, ambaye rafiki zake walimwita Ndevu, alicheka akambebea hadi nje. Miezi saba baadaye walikuwa wapenzi, tena wanafanya kazi pamoja katika kampuni ya kukatisha tiketi za mabasi: Ndevu fundi wa programu, mwanamke msimamizi wa seva.

Seva zilikuwa mbili, ya majaribio na halisi. Kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, msimamizi alipanga jina la seva ya majaribio litokee kwa kijani, la seva halisi kwa nyekundu. Ukiona nyekundu, unaondoa vidole kwanza, unafikiri.

Alhamisi mchana msimamizi hakuona nyekundu, akafuta orodha nzima ya abiria. Alikuwa kwenye seva halisi.

Nakala ya akiba ilirudisha orodha baada ya saa mbili. Meneja hakupoa. "Maelezo mezani kwangu saa kumi na moja. Kama ni uzembe wako, kesho usije."

Msimamizi alijaribu kompyuta nyingine: jina la seva likatokea kijivu kitupu. Basi si skrini. Aliiuliza seva inadhani dirisha lake lina rangi ngapi, ikajibu hakuna. Akafungua faili la mipangilio ya akaunti wanayotumia wote, akaukuta mstari mmoja mgeni, unaoiambia seva kwamba dirisha ni la aina ya zamani isiyojua rangi. Kumbukumbu zilionyesha uliandikwa Jumanne, kutoka kompyuta ya Ndevu.

Akapiga simu.

"Naam, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Jumanne umeandika nini kwenye akaunti ya wote?"

"Aa... kamstari tu. Nilisahau kukatoa."

"Kamstari! Abiria mia tatu wamesimama juani kwa kamstari kako!"

"Rangi zilinisumbua."

"Zinakusumbua nini? Zinakuuma?"

"Nyekundu siioni. Kwenye weusi inapotea kabisa. Kijani naona kama kahawia. Nimezaliwa hivyo."

"Na gauni langu jekundu ulilolisifu mbele ya dada zangu?"

"Ulishaniambia ni jekundu."

"Miezi saba unanidanganya!"

"Siku ya kwanza kazini ulisema hapa tunafuata rangi. Ningesema nini, bibie?"

"Ungesema ukweli, bwana mkubwa!" Akakata simu.

Maelezo yake yalikuwa na sentensi nne. Ya tatu ilimtaja Ndevu na macho yake. Ya nne aliifuta mara mbili, akairudisha kwa sababu ilikuwa kweli: yeye mwenyewe aliweka utaratibu usio na kinga nyingine ila rangi, wala hakumuuliza yeyote kama anaziona.

Meneja aliwapa wote wawili onyo la maandishi. Ndevu alimsubiri kwenye ngazi, shati limechomoka, macho makavu.

"Umenianika."

"Nimeandika kilichotokea."

"Kosa langu, sawa, andika. Macho yangu je? Mama yangu mzazi ndiye pekee aliyejua. Ungenipigia tena, ningekwenda kwa meneja mwenyewe."

"Hilo nimekukosea," alisema, sauti haijalainika hata kidogo. "Lakini bado nina hasira."

"Hata mimi."

"Vizuri. Jumamosi nakwenda kwa mama yangu. Njoo."

"Nije kama nani?"

"Kama mtu asiyeona nyekundu. Mengine utamwambia mwenyewe, na safari hii usifiche hata moja."

Akashuka ngazi haraka. Ndevu, huku amenuna, akamfuata.